Uzi: Kununua boti ya kasi ya zamani, unakagua nini kabla hujatoa hela?

TeziKavu
Wakuu, habari zenu. Natafuta boti ya kasi ya zamani, futi 16 hadi 20, ya petroli, ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Nimebakiwa na tatu:

1. Donzi ya futi 18 ya 1986, fibaglasi, injini ya MerCruiser V8 ya lita 5.7 na mguu (kifaa cha nyuma chenye gia na propela) wa Alpha One. Rangi inang'aa, viti vipya, muuzaji anasema injini "imefanyiwa overholi".
2. Ya fibaglasi ya 1974, bodi nzuri kwa macho, injini na mguu wa OMC vya asili.
3. Ya mbao, mahogani, ya 1959, imekaa bandani miaka mingi.

Nianze kukagua wapi, na ipi niachane nayo mapema?

Pembe24
Karibu mkuu. Anza na umbo la chini, maana hilo hutaligeuza. Injini inang'oka, viti vinang'oka, tumbo la boti unakufa nalo.

Nyingi ya hizi boti zimetokana na wazo la Ray Hunt: tumbo la V kali linalobaki kali hadi tezi (nyuma ya boti), badala ya V ya mbele inayolala bapa ikifika nyuma. Boti aliyoichora, Moppie, ilishinda mashindano ya Miami–Nassau mwaka 1960, na mwaka uliofuata Bertram 31 ikaingia sokoni. Don Aronow akaanzisha Formula mwaka 1962, Donzi 1964, Magnum 1966, Cigarette 1969. Ndiyo maana ukizilalia chini zinafanana kama watoto wa mama mmoja.

Pima pembe ya V pale tezi. Kwenye digrii 22 hadi 24 boti inakata mawimbi bila kukuvunja mgongo, lakini inataka nguvu nyingi ili ipande juu ya maji, na ikisimama inalalia upande wowote abiria alikokaa. Kwenye 16 hadi 18 inapanda mapema, inakula mafuta kidogo, imetulia mkiwa mmesimama, ila maji yakichafuka inapiga kofi. Kama maji yako ni ya ndani na ya utulivu, V ya digrii 24 ni kujitesa kwa ajili ya jina. Kama ni bahari wazi, futi 18 yenye V kali itakupa raha ambayo boti bapa ya futi 21 haitakupa.

Na usije ukashangaa: boti fupi, nyembamba, yenye V kali, ikifika kasi ya juu huanza kuyumba kushoto na kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia. Si ubovu. Unarudisha mguu ndani kidogo na kupunguza mafuta taratibu. Ukijaribu kulifukuzia yumbo kwa usukani unaliongeza.

FundiLaminet
Pembe24 kasema kweli, lakini boti ya fibaglasi ya miaka ya 1980 ndani yake kuna mbao, na mbao ndizo zinazoamua. Ubao wa tezi (ule ukuta wa nyuma unaobeba mguu) ni plaiwudi iliyofunikwa fibaglasi pande zote mbili. Mihimili ya urefu inayobeba injini nayo ni plaiwudi au mbao. Maji hayaingii kwa kuivuka fibaglasi. Yanaingia kwenye matundu ya skrubu na boliti, tundu la kizibo cha kutolea maji, na lile tundu kubwa la mguu ambalo mara nyingi lilikatwa kiwandani na kingo zake hazikuzibwa kwa resini.

Utaratibu ni huu. Boti iwe imekauka juu ya trela siku mbili tatu.

Chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, ugonge tezi yote kila sentimita 5, ukianzia juu kushuka. Juu karibu siku zote ni pazima, sikia mlio wake: mkali, mfupi. Ukishuka ukasikia mlio umekuwa dufu, kama unagonga kitabu, weka alama kwa chaki. Pembe mbili za chini na pembeni mwa kizibo ndiko kunakoanza.

Kisha pima unene. Kwa MerCruiser ubao wa tezi unatakiwa uwe milimita 51 hadi 57 pale mguu unapofungwa, na nyuso zake mbili ziende sambamba, tofauti isizidi milimita 3. Mguu ukiwa umefungwa huwezi kupima penyewe, lakini angalia boliti za sahani ya ndani (bamba linaloshika mguu): kama sahani imezama kwenye fibaglasi, plaiwudi iliyo nyuma yake imesagika. Mtu akikaza boliti kwenye mbao iliyooza hapati mkazo, anapata shimo.

Shika mguu kwa chini, mtu mwingine aweke macho pale sahani inapokutana na tezi, ukaunyanyue na kuushusha kwa nguvu. Mguu wenyewe kucheza kidogo kwenye pini zake ni jambo moja. Sahani kucheza dhidi ya tezi ni jambo jingine kabisa.

Kipima unyevu ni kizuri lakini kinadanganya. Rangi ya chini yenye shaba, fibaglasi iliyolowa umande, au tangi la chuma nyuma yake, vyote vinakupa namba kubwa bure. Kitumie kulinganisha sehemu na sehemu ya boti ileile, usikichukulie kama hakimu.

Hakimu ni keekee. Kwa ruhusa ya muuzaji, toboa kwa ndani, chini kabisa ndani ya ngama (sakafu ya chini yanakokusanyika maji), kwa biti ya milimita 5, uliyofunga utepe ili isipite kwenda ngozi ya nje. Toboa matundu mawili kwenye tezi na moja kwenye kila mhimili karibu na injini inapokalia. Vumbi likitoka jeupe-manjano na kavu, shukuru. Likitoka jeusi, linanata na kunuka uchachu, umepata jibu. Matundu yazibwe kwa epoksi siku hiyohiyo.

Ngama_Kavu
Naongeza moja ya bure: ipeleke kwenye mizani ya magari pamoja na trela, halafu toa uzito wa trela na mafuta. Linganisha na uzito wa kiwanda. Povu lililo chini ya sakafu likinywa maji halikauki, na lita moja ya maji ni kilo moja. Boti ya futi 18 iliyozidi kilo 150 bila sababu inayoonekana imebeba maji.

Pembe24
Na mkiwa mmeichungulia chini, chukua rula iliyonyooka ya mita 2, iweke sambamba na mkuku (uti wa chini wa boti) kwenye mita moja na nusu ya mwisho kabla ya tezi. Mwanga ukipita katikati, tumbo limebonyea kwenda ndani: boti itashindilia omo (mbele) chini na kukosa kasi. Rula ikicheza kama bembea, tumbo limevimba: boti itarukaruka kama pomboo hata maji yakiwa shwari. Milimita 3 tu zinatosha kuonekana kwenye usukani. Sababu ya kawaida ni trela ambayo mbao zake za kulalia boti hazifiki hadi tezi, miaka na miaka.

KabuMbili
Sasa injini. "Imefanyiwa overholi" bila karatasi ya vipuri ni maneno. Unachotaka ni namba.

Fika injini ikiwa ya baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla yako. Ukiikuta ya moto, kuna kinachofichwa, au angalau uulize. Fungua mfuniko wa injini na unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa ngamani ukisubiri cheche, kwa hiyo feni ya ngama iendeshwe dakika 4 kabla ya kuwasha, na pua yako itangulie.

Tazama stata, oltaneta, kabureta na pampu ya mafuta. Injini hii ni ndugu wa V8 ndogo ya magari ya GM, na watu huweka vipuri vya gari kwa sababu vinaingia bila shida. Vya boti vimezibwa visitoe cheche, na kabureta ya boti ikifurika inamwaga petroli ndani ya koo lake, sio nje juu ya injini. Ukikuta stata ya gari usiwashe kabisa. Mtu aliyebana matumizi pale amebana na kwingine.

Kompresheni: pasha injini, toa plagi zote nane, kata umeme wa koili, fungua mafuta hadi mwisho, zungusha mizunguko 5 au 6 kila silinda. Nyingi zikiwa nzima hutoa psi 140 hadi 170. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti: ya chini isipungue zaidi ya asilimia 15 chini ya ya juu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, ni gasketi ya kichwa. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Ziangalie plagi zenyewe pia. Yenye kutu ina maana maji yamefika kwenye silinda.

Na maji hayo yanatoka kwenye manifoldi ya ekzosi (inayokusanya moshi wa silinda) na raiza zake (mabomba ya moshi yaliyo juu yake). Injini nyingi za aina hii zinapozwa kwa maji ya nje moja kwa moja. Kwenye maji chumvi hesabu miaka 5 hadi 7, halafu chuma kimeliwa kutoka ndani na huoni kitu nje. Muuzaji hana risiti yenye tarehe? Hesabu kwamba unanunua manifoldi mbili, raiza mbili na gasketi zake. Kama anakubali, fungua raiza moja: boliti 4, nusu saa. Uso wa kukutania ukiwa na mistari ya kutu inayotoka kwenye njia ya maji kwenda kwenye njia ya moshi, imeshaanza kuvuja.

Ikiwa boti imewahi kukaa nchi ya barafu, pitisha tochi na kidole ubavuni mwa bloki, chini ya manifoldi, pande zote mbili. Maji yaliyoachwa ndani yakaganda huacha ufa mrefu wa kulala. Rangi mpya hapo tu, na kwingine rangi ya zamani, ni ushahidi tosha.

TeziKavu
Asanteni sana, nimeshaanza kuandika orodha. Namba 1 muuzaji kakataa kutobolewa kabisa, lakini nyundo na mizani karuhusu. Na vipi kuhusu mguu? Namba 2 ya OMC mbona hamuisemi?

MguuChini
OMC naisema mimi. Ile miguu ya zamani ya OMC haikufungwa kwenye tezi, ilifungwa pamoja na injini juu ya mihimili, ikapita kwenye tundu kubwa lililozibwa kwa mpira mmoja mpana. Mpira ule ukipasuka boti inajaa. Mingi ya kabla ya 1978 inabadili gia kwa koili za umeme zilizo ndani ya oili, na inataka oili yake maalumu. Ukiweka oili ya gia ya kawaida haibadili sawasawa. Kampuni yenyewe ilifilisika Desemba 2000. Tundu lake halilingani na mguu wa MerCruiser wala Volvo, kwa hiyo kubadilisha ni kuziba tezi na kukata upya. Kama unaipenda bodi hiyo, ihesabu kuwa boti isiyo na mashine. Bei ikiwa hivyo, sawa.

Alpha One ni rahisi. Toa skrubu ya chini ya oili ya gia kabla mguu haujazungushwa, uache matone machache yatoke. Maji hukaa chini, yatatoka mwanzo. Oili ya maziwa: sili imeachia. Sumaku ya skrubu ikiwa na unga laini kama grisi ya kijivu ni kawaida. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, meno ya gia yanakatika.

Geuza mguu kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, ukaguzie mipira ya mikunjo. Fungua kila mkunjo kwa vidole, ufa huanza ndani ya bonde la mkunjo. Mpira mkubwa ukipasuka maji yanafika kwenye krosi (kiungo cha shafti) na beringi iliyo nyuma yake. Washa, geuza mguu, sikiliza: mngurumo wa kusaga unaobadilika unapogeuza ni beringi hiyo.

Kisha kaa kwenye gia, rudisha nyutro. Injini ikizima au ikigoma kutoka kwenye gia, waya wa chini wa gia umekuwa mgumu. Watu hurekebisha kabureta miezi kwa tatizo la waya.

Na jambo linalounganisha mguu na alichosema FundiLaminet: injini ya MerCruiser nyuma inakaa kwenye sahani ya tezi, mbele inakaa kwenye mihimili. Tazama boliti za kurekebisha urefu za mbele. Zikiwa zimepandishwa hadi mwisho wa nyuzi, mhimili umezama na mtu amekuwa akiifukuzia injini ili ilingane. Ikishindikana, meno ya kapling'i (kiungo cha injini na mguu) yanakwisha na unabaki na injini inayolia na boti isiyokwenda.

Mahogani59
Wa mbao tupo wachache lakini tupo. Kaka TeziKavu, boti ya mbao iliyokaa bandani miaka mingi imekauka, mbao zimesinyaa. Ukiitumbukiza leo itavuja kama tenga, na hilo peke yake si ubovu: inalowekwa kwenye mikanda ya kunyanyulia, pampu ikiwa inafanya kazi, siku mbili tatu hadi mbao zivimbe. Kuvuja baada ya hapo ndiko kunakohesabika.

Tumia bisibisi yenye ncha kando ya mkuku, ubao wa kwanza pembeni yake, pembe za tezi, na miguu ya mataruma (mbavu za boti) ndani ya ngama. Isukume, usichome. Ikiingia kama kwenye keki, ondoka. Toa skrubu tatu za chini, sehemu tofauti. Ya shaba nyeusi iliyo ngumu ni nzuri. Ikivunjika ikiwa na rangi ya waridi ndani, zinki imeshaliwa na zote ziko hivyo. Kubadilisha skrubu za tumbo zima ni mamia kwa mamia.

Ukiona Riva Aquarama (zilitengenezwa 1962 hadi 1996) usiende bila mkaguzi wa mbao, maana vanishi nzuri inaficha mengi. Na kama tumbo limefunikwa fibaglasi baadaye juu ya mbao za zamani, jihadhari: mara nyingi lilifunikwa kwa sababu lilikuwa linavuja, na sasa linaoza bila kuonekana.

PropelaTatu
Majini sasa. Tangi nusu, watu wawili, simu yenye GPS. Kasi ya dashibodi isahau, ile inategemea mrija mdogo unaoziba kwa mchanga.

Kwa V8 hiyo ya kabureta mzunguko wa mwisho uwe 4400 hadi 4800 kwa dakika. Usifike 4400 na propela sahihi? Injini imechoka, au boti imebeba maji, au tumbo limebonyea. Ukipita 4800, propela ni ndogo. Kila inchi moja ya pichi (umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja) ni kama mizunguko 150 hadi 200.

Piga hesabu ya mteleko (kasi halisi inavyopungua chini ya ile ya nadharia): mizunguko mara pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, gawanya kwa 1215, unapata noti za nadharia. Mfano, 4600 × 21 ÷ 1.5 ÷ 1215 = noti 53. GPS ikisoma 47, mteleko ni asilimia 11, safi kwa V kali. Ikisoma 42 ni asilimia 21: propela imepinda, mpira wa ndani ya propela unateleza, au chini kuna tatizo.

Ukiwa kasi ya juu dakika 3, rudi taratibu, halafu weka kiganja juu ya kila raiza. Iwe ya uvuguvugu, ushikike. Upande mmoja ukiunguza, njia ya maji imeziba kwa kutu. Angalia kijiti cha oili kabla na baada.

Ngama_Kavu
Tangi la mafuta msilisahau. La alumini lililozamishwa kwenye povu chini ya sakafu hutoboka kwa chini, ambako hakuna anayeona. Lijaribiwe kwa hewa isiyozidi psi 3, dakika 5, bila kushuka. Na mpira wa kujazia mafuta ukiukunja ukaonyesha nyufa, badilisha kabla hujaweka hata lita moja.

Karatasi nazo: boti za Marekani za baada ya 1 Novemba 1972 zina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, upande wa kulia wa tezi, juu. Herufi tatu za kwanza ni mtengenezaji. Kama muuzaji anasema 1986, tarakimu mbili za mwisho ziseme 86. Isipolingana na karatasi, hakuna mazungumzo.

TeziKavu
Wakuu nimerudi. Namba 2 na 3 nimeziacha. Ya kwanza: namba ya bodi inalingana. Nyundo imelia dufu kwenye duara la sentimita 20 pembeni mwa kizibo, upande wa kulia, kwingine safi. Mizani imezidi kilo 40 tu. Sahani ya ndani haijazama, boliti za mbele ziko katikati ya nyuzi. Kompresheni 150 hadi 160, moja 145. Oili ya gia safi. Raiza hazina risiti. Rula imenyooka. GPS noti 46 kwa 4500, pichi 21.

PropelaTatu
Noti 51.9 za nadharia, mteleko asilimia 11. Tumbo na injini ni vizima.

FundiLaminet
Basi uozo wako ni wa mahali pamoja, kizibo hakikuzibwa vizuri. Mwambie muuzaji matokeo, mwombe tundu moja tu, ndani ya lile duara. Mwenye kukubali duara la sentimita 20 hakatai tundu la milimita 5. Na jingine kati ya duara na mguu. La pili likitoka kavu, kazi ni hii: kata ngozi ya ndani sentimita 10 kupita mwisho wa uozo, chimba plaiwudi hadi ngozi ya nje, kingo uzilaze kwa uwiano wa 12 kwa 1, jaza tabaka mbili za plaiwudi ya baharini za milimita 18 kwa epoksi iliyokolezwa, pembe uzizungushe kwa nusu kipenyo cha milimita 12, kisha fibaglasi. Mguu haung'olewi. Tundu la kizibo litoboe kubwa, lijaze epoksi, litoboe tena kwa saizi yake.

La pili likitoka lowevu, hesabu injini nje, mguu nje, tezi yote. Bei ya muuzaji ishuke kwa kazi hiyo yote au umwachie.

KabuMbili
Na manifoldi mbili na raiza mbili ziwe kwenye mazungumzo hayohayo, usizilete wiki ijayo.